Pensheni mbili na boma moja: hesabu za muuguzi anayerudi Tanga

Muuguzi wa kisa hiki alizaliwa Juni 1966, akaingia Uingereza mwaka 2002, na Juni 2026 anatimiza miaka 60. Anataka kurudi Tanga, si kwa likizo tena. Alianza kwa miaka miwili kama mtunza wazee kwenye nyumba ya binafsi, na tangu Aprili 2004 yuko NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, sasa ngazi ya mshahara ya bendi ya 6, mshahara wa takriban pauni 45,000 kwa mwaka. Mwaka 2011 alichukua uraia wa Uingereza. Ana akiba ya pauni 38,000 ndani ya ISA, akaunti ya Uingereza ya akiba isiyotozwa kodi, kwenye mfuko wa hisa za dunia nzima. Tanga ana boma lililosimama kwenye lenta, kwenye kiwanja kilichonunuliwa mwaka 2014 kwa jina la kaka yake.

Swali lake ni lile linaloulizwa kila harusi ya Watanzania kule Leicester au Reading: mkupuo wa pensheni, ile pesa inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, ukitoka, anunue hatifungani za serikali (yaani aikopeshe serikali kwa riba) au amalizie nyumba na kujenga vyumba vya kupangisha uani?

Mtu mwenyewe nimemuunda kwa kuunganisha hali zinazojirudia. Sheria ni za kweli, na viwango ni vya mwaka wa fedha 2025/26 pasipotajwa vingine. Na jibu langu, niliweke mapema, ni kwamba hatifungani na vyumba vinakuja mwisho kabisa. Kabla yake kuna mambo yenye uzito mkubwa zaidi, na mengine yana tarehe ambayo ikipita hairudi.

Tuanze na pensheni ya kazini, kwa kuwa ndiyo uti wa mgongo wa maisha yake yajayo. Aliingia NHS kabla ya Aprili 2008, kwa hiyo yumo kwenye sehemu ya zamani inayoitwa ya 1995. Huko kila mwaka wa kazi unampa sehemu moja ya themanini ya mshahara wa mwisho, na mkupuo mara tatu ya pensheni ya mwaka, vyote bila kupunguzwa akifika 60. Aprili 2015 yeye na wenzake wengi walihamishiwa mpango mpya, ambao unahesabu sehemu moja ya hamsini na nne ya kipato cha kila mwaka lakini hulipa kikamilifu kwenye umri wa pensheni ya serikali tu, ambao kwake ni 67. Mahakama ikaona uhamisho ule uliwabagua waliokuwa vijana zaidi. Matokeo yake, miaka saba kati ya Aprili 2015 na Machi 2022 imerudishwa mikononi mwa mfanyakazi: anapostaafu anachagua ihesabiwe kwa kanuni ipi.

Wengi wanaangalia karatasi ya makadirio na kuchagua namba kubwa, ambayo mara nyingi ni ya mpango mpya. Kwake nisingefanya hivyo. Miaka hiyo saba kwa kanuni ya 1995 inampa kama pauni 3,937 kwa mwaka kuanzia Juni 2026, pamoja na mkupuo wa pauni 11,812. Kwa kanuni mpya anapata zaidi kwa mwaka, ila anasubiri hadi 2033 au anaichukua mapema ikiwa imekatwa. Mtu anayeacha mshahara akiwa na 60 anahitaji pesa katika miaka hiyo saba ya katikati. Nachagua 1995.

Hivyo miaka 18 ya Aprili 2004 hadi Machi 2022 inaleta 18/80 ya 45,000, yaani pauni 10,125 kwa mwaka na mkupuo wa 30,375. Miaka minne na miezi mitatu iliyobaki, ya mpango mpya, inaleta kama pauni 3,500 kwa mwaka kwa thamani ya leo. Hiyo aiache ikae mpaka 67. Haipotezi kitu, kwani inaongezwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Pauni 10,125 ni 843 kwa mwezi. Kwa kiwango cha shilingi 3,300 kwa pauni ni kama milioni 2 na laki 7 na elfu 80. Tanga mtu asiyelipa kodi ya nyumba anaishi nazo vizuri, na hata kumtunza mama.

Jambo la muhimu kuliko yote kuhusu pensheni hii: huongezwa kila Aprili kufuata mfumuko wa bei wa Uingereza, popote mstaafu anapoishi. Awe Tanga, Toronto au Bristol, nyongeza ni ileile. Kwa hiyo akitokea mtu mwenye tai, awe wa Dubai au wa Nairobi, akamwambia anaweza “kuifungua” pensheni ya NHS na kuihamishia kwenye mfuko wa uwekezaji, mazungumzo yaishie hapo. Tangu 2015 sheria hairuhusu pensheni za umma za aina hii kuhamishiwa mifuko ya kawaida ya uwekezaji. Anayeahidi hivyo ama haijui sheria au anamjua sana anayezungumza naye.

Pensheni ya pili, ile ya serikali, ina tabia nyingine kabisa.

Kiwango kamili cha pensheni mpya ya serikali mwaka 2025/26 kilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, na kwa kawaida kinahitaji miaka 35 ya michango ya National Insurance, bima ya taifa inayokatwa kwenye mshahara. Muuguzi wetu atakuwa na miaka 24 ifikapo Aprili 2026. Wengi hapo wanagawa 24 kwa 35 na kujiandikia pauni 158. Hesabu hiyo si sahihi kwa mtu wa NHS. Mpaka Aprili 2016 wanachama wa pensheni ya NHS walikuwa wamejitoa kwenye sehemu ya ziada ya pensheni ya serikali na kuchangia kwa kiwango cha chini, kwa hiyo miaka yao ya kabla ya hapo ina thamani pungufu. Kwa hesabu yangu ya mkono, miaka yake 14 ya kabla ya 2016 inasimama kwenye kama pauni 82 kwa wiki leo, na kila mwaka baada ya hapo unaongeza pauni 6.58. Makadirio rasmi ya serikali yapo mtandaoni kwa kila mchangiaji, na ndiyo ya kufuata pale yanapotofautiana na kalamu yangu.

Hapa ndipo tarehe ya kuondoka inapoleta pesa. Alikuwa amepanga kuacha kazi mwisho wa Machi 2026, ili “mwaka uishe vizuri”. Kwanza angekuwa hajatimiza 60. Pili, mwaka wa National Insurance hauhitaji miezi kumi na miwili ya kazi. Unahitaji kipato kinachofikia kiwango fulani ndani ya mwaka wa kodi, kiwango kisichofika pauni 7,000. Mshahara wake wa Aprili, Mei na Juni ni kama 11,250. Akifanya kazi mpaka mwisho wa Juni, mwaka mzima wa 2026/27 unahesabiwa. Miezi mitatu ya zamu inamnunulia mwaka wa pensheni, na bado mshahara wake anao.

Atakuwa basi na kama pauni 155 kwa wiki. Inabaki miaka sita ya kodi kabla ya ule anaotimiza 67, nayo anaweza kuilipia mwenyewe akiwa nje. Hadi Aprili 2026 waliofanya kazi nje ya Uingereza waliweza kulipa michango ya hiari ya daraja la 2, pauni 3.50 tu kwa wiki, na watu walioifahamu walijaza miaka mingi kwa bei ya chakula cha mchana. Bajeti ya Novemba 2025 imeufunga mlango huo kuanzia tarehe 6 Aprili 2026, na kuweka sharti kwamba anayetaka kulipa akiwa nje awe ameishi au kuchangia miaka 10 kwanza. Sharti hilo muuguzi wetu analivuka bila shida. Bei sasa ni ya daraja la 3, ambayo mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 17.75 kwa wiki, yaani 923 kwa mwaka.

Ni ghali ukilinganisha na zamani, lakini bado ni bei nzuri mno. Kila mwaka wa pauni 923 unaongeza pauni 342 kwa mwaka, maisha yake yote. Pesa inarudi katika chini ya miaka mitatu ya kupokea. Miaka sita ni pauni 5,538, na inampandisha kutoka 155 hadi kama 194 kwa wiki. Sijui kitega uchumi chochote Tanga wala London kinachotoa hivyo bila mtu kukimbizana na wapangaji. Hatari iliyopo ni kufariki kabla ya 70, na hiyo si ya kuificha.

Lakini pensheni hii ikishaanza kulipwa kwa mtu anayeishi Tanzania, inagandishwa. Kiwango cha siku ya kwanza ndicho atakachopokea akiwa na 77, na ndicho atakachopokea akiwa na 87. Aliyestaafu mwaka 2000 kwa pensheni ya msingi ya pauni 67.50 na kuhamia Kenya, bado anapokea pauni 67.50, wakati mwenzake aliyebaki Uingereza kwa pensheni hiyohiyo alipokea 176.45 mwaka 2025/26. Nyongeza hulipwa kwa wanaoishi kwenye nchi nyingi za Ulaya na kwenye nchi nyingine chache zenye makubaliano, zikiwemo Marekani, Jamaika, Mauritius na Ufilipino. Tanzania, Kenya, Afrika Kusini, Kanada na Australia hazimo. Kwa hiyo muuguzi Mfilipino aliyefanya naye zamu za usiku kwenye wodi ileile, kwa michango ileile, akirudi Manila ataongezewa kila Aprili, na yeye Tanga hataongezewa. Annette Carson, aliyehamia Afrika Kusini, aliipeleka hoja hii hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 wastaafu wakashindwa. Haki hapo hakuna, ila ndiyo sheria, na mtu anapanga kwa sheria iliyopo.

Kugandishwa kunaanza siku pensheni inapoanza kulipwa. Hakuanzi siku anapopanda ndege. Kati ya 2026 na 2033 stahili yake inaendelea kukua pamoja na kiwango cha taifa, hata akiwa Tanga. Na akirudi Uingereza kuishi, anapandishwa hadi kiwango cha wakati huo.

Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 2.5 kwa mwaka, pauni 194 baada ya miaka 20 inanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa pauni 118. Hapo watu hukata tamaa mapema kuliko inavyostahili, kwa kuwa yeye hatanunua mkate Leicester. Atanunua dagaa na umeme Tanga, kwa shilingi. Pauni isiyoongezeka ikibadilishwa kwa shilingi inayoshuka huleta shilingi nyingi zaidi, na hilo linafidia sehemu ya hasara. Sehemu tu. Mwanzoni mwa 2014 dola ilikuwa kama shilingi 1,600 na katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600, lakini pauni haikupanda kiasi hicho, kwa kuwa yenyewe ilianguka mbele ya dola baada ya kura ya Brexit ya 2016. Bei za sokoni Tanzania zilipanda kuliko pauni ilivyopanda. Kwa mpango wake ningesema hivi: ihesabu pensheni ya serikali kama pesa ya miaka ya 67 hadi 80, na ya NHS kama pesa ya maisha yote.

Sasa ule uwanja ambao hesabu hazisaidii.

Alipochukua pasi ya Uingereza mwaka 2011 alipoteza uraia wa Tanzania, kwa kuwa Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. (Mkenya mwenye kisa hikihiki hana shida hiyo tangu Katiba ya 2010.) Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Ndiyo maana kiwanja cha 2014 kiliandikwa jina la kaka. Kaka ni mtu mzuri. Amesimamia mafundi, ametuma picha za kila kozi ya tofali. Alipomgusia suala la hati, alimjibu, “Dada, hati ni karatasi tu. Kiwanja ni chako, mtaa mzima unajua.” Naye hakutaka kuonekana hamwamini ndugu yake, akanyamaza.

Tatizo halimo kwenye uaminifu wa kaka. Kaka ana miaka 66 na ana watoto wa kiume. Ni familia ya Kiislamu, na mirathi ikigawiwa kwa sheria ya Kiislamu dada haingii penye mtoto wa kiume. Siku kaka akiondoka, boma lililoezekwa kwa mkupuo wa NHS linakuwa mali ya marehemu, na wifi na wapwa hawatakuwa wamefanya ubaya wowote kwa kuliona ni lao. Hati inasema hivyo. Mtaa unaojua hauandikwi kwenye rejista.

Mapema 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi yanayoweka hadhi maalum kwa raia wa nje wenye asili ya Tanzania, na mwenye hadhi hiyo anaweza kumiliki ardhi. Kwa muuguzi huyu hili ni kubwa kuliko riba ya hatifungani yoyote: linamgusa kwenye kibali cha kuishi na kwenye kiwanja kwa pamoja. Utaratibu ningeupanga hivi: aombe hadhi maalum akiwa bado Uingereza na ana mshahara, akiipata, kaka amhamishie kiwanja kwa njia rasmi mbele ya wakili, gharama zote zilipwe na yeye. Wakati huohuo, leo, waandikishane kwa wakili hati ya makubaliano inayoonyesha nani alilipa nini, ikiambatishwa stakabadhi za kutuma pesa tangu 2014. Wifi asaini kama shahidi. Na paa lisubiri. Boma lililokaa kwenye lenta miaka mitatu linavumilia mwaka mwingine.

Najua hapa atapingana nami, kwa kuwa mama yake anataka aione nyumba ikiwa na bati kabla hajafa. Si hoja ndogo. Ningemwambia apaue kwa bati la kawaida kwa pesa ya mshahara, asiguse mkupuo.

Mkupuo wenyewe, pauni 30,375, hautozwi kodi Uingereza. Pauni 5,538 zitengwe kwa ajili ya miaka sita ya National Insurance. Kiasi kingine, mpaka 20,000 kama mwaka huo hajaweka kitu, kinaweza kuingia kwenye ISA, na hapa kuna tarehe nyingine: baada ya mwaka wa kodi anaohama haruhusiwi kuweka pesa mpya, ingawa zilizomo zinabaki na kinga yake dhidi ya kodi ya Uingereza. Mwaka wake wa kuhama unaisha tarehe 5 Aprili 2027. Ningeweka 12,000 kabla hajaondoka. Zikijumlishwa na 38,000 zilizopo, ni pauni 50,000 za fedha za kigeni kwa ajili ya mambo yasiyolipika kwa shilingi: matibabu ya India, tiketi za kwenda kuwaona wajukuu. Sehemu ya pesa hizo itoke kwenye hisa iingie kwenye akaunti ya akiba, kwa kuwa aliye na 60 bila mshahara hawezi kungoja soko lipande ndipo akafanyiwe upasuaji.

Zinabaki kama 12,800, na hapo ndipo swali lake la mwanzo linapofaa. Hatifungani za serikali zina sifa kwa mtu anayekula kwa shilingi: riba yake haikatwi kodi ya zuio. Lakini asichukue maneno ya 2021, riba ilipokuwa juu, kama ahadi. Mwaka 2022 riba ya hatifungani ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na waliokuwa wamepanga maisha kwa namba ya kwanza walipanga upya. Hata hiyo ya pili, bei za vitu zikipanda kwa asilimia tatu au nne, inalipa vizuri. Kabla ya kununua aulize benki pasi yake inabadilisha masharti gani. UTT AMIS, taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ina mfuko wa hatifungani unaotoa gawio bila kufunga pesa miaka 25, na kwa umri wake naupenda zaidi. Vyumba vya kupangisha uani sivipendi kabisa mpaka jina kwenye hati libadilike, na hata hapo bado kuna fundi, wapangaji, na Idd ambayo hakuna anayelipa.

Kodi. Mpaka 67, pauni 10,125 ziko chini ya 12,570 zisizotozwa kodi, kiwango ambacho raia wa Uingereza anaendelea nacho hata akiishi nje. Baada ya 67 jumla itavuka. Uingereza na Tanzania hazina mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili, na mkazi wa Tanzania kwa kawaida hutozwa kwa kipato chake cha popote, ingawa sheria inaruhusu kodi iliyolipwa nje kuhesabiwa. Mshauri wa kodi wa Tanga au Dar, anayeijua mamlaka ya mapato, TRA, anamfaa kuliko wa London.

Kuna kitu kimoja alichosahau kabisa. Kabla ya 2002 alikuwa muuguzi wa serikali Tanga kwa miaka kumi na kidogo, na tangu 1999 alikatwa michango ya PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ambao mwaka 2018 uliingizwa kwenye mfuko mpya, PSSSF. Miezi 180 ya kupata pensheni ya kila mwezi hana, kwa hiyo kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao inayowaumiza vichwa wenzake, hakimhusu, lakini huenda ana mkupuo mdogo unaomsubiri. Aende na cheki namba yake na barua ya kuajiriwa, kama panya hawajaifikia.

Na anwani. Ofisi ya pensheni ya Uingereza huwatumia wastaafu wa nje fomu ya kuthibitisha kwamba wako hai, ijazwe mbele ya shahidi na kurudishwa ndani ya wiki 16. Isiporudi, malipo husimamishwa. Sanduku la posta analotumia ni la shule alikokuwa akifundisha kaka yake, ambaye amestaafu na funguo alishairudisha. Akodi lake mwenyewe kabla ya Julai, na namba hiyo ndiyo iandikwe kwenye kila fomu kuanzia ya NHS.